Nyuki wa Mzee Paschal

Watu wanasema Antipasi ana hasira za karibu. Si kweli. Hasira zangu zinatoka mbali, zinatoka mwaka ule msitu ulipoungua, ila zikifika zimefika kweli. Mke wangu Magdalena huniambia nizaliwe upya labda nitapoa. Namjibu kwamba hata nikizaliwa upya nitazaliwa na baba yule yule, kwa hiyo hakuna kitakachobadilika.

Lakini siku ninayoanza nayo sikuwa na hasira hata chembe. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Binti yangu wa kwanza, Editha, alikuwa anaanza chuo pale Singida mjini, anasomea mambo ya maabara. Katika ukoo wetu wa wakulima na warina asali, hakuna aliyewahi kufika huko. Nilikodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nikapakia kitanda nilichokichonga mwenyewe, godoro, ndoo, unga wa uwele, mlenda mkavu, galoni la mafuta ya alizeti, chupa za asali ya msitu wetu wa Mgori na jiko dogo la gesi. Jiko la mkaa sikumnunulia. Kwangu mkaa hauingii, na sababu nitaisema.

Magdalena alinipa na kuku jike, mwekundu, amenona.

"Huyu ni wa mwenye nyumba," akasema. "Mtoto hakabidhiwi mikono mitupu."

Basi tukafika Utemini, mtaa wa pale mjini. Chumba dalali ndiye aliyekitafuta, kodi nilishalipa, mwenye nyumba nilikuwa namsikia kwa jina moja tu la Baba Jesca. Nyumba kubwa mbele, bati la bluu, na nyuma uani vyumba vya wapangaji. Chumba cha Editha kilikuwa cha mwisho, kina dirisha linalotazama bomba la maji. Chuo unakiona ukisimama mlangoni. Editha alizunguka mle ndani akigusa kuta na mikono yake miwili.

"Baba, ni changu peke yangu?"

"Ni chako. Ukitaka lala katikati."

Alicheka mpaka akakaa chini. Huyu mtoto amelala na wadogo zake kitanda kimoja tangu aache kunyonya. Nilimwona akicheka nikasema moyoni, sasa hata nikifa, nimefanya kitu.

Mwenye nyumba akatokea. Mzee wa makamo ya baba zangu wadogo, kitambi mbele, kofia ya kufuma kichwani. Nikainama kidogo kama inavyotakiwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Editha naye akaamkia, tena kwa kupiga goti. Nikamkabidhi kuku kwa mikono miwili, nikamwambia, mzee, huyu ni mtoto wako sasa, akikosea mwonye, akiugua niite. Akampokea kuku kwa miguu, akampima uzito mkononi, akatabasamu. Hakunijibu neno. Akaingia ndani na kuku wake.

Mimi sikujali. Nikavua shati nikaanza kazi. Niliziba nyufa za dirisha, nikapigilia misumari ya kutundikia nguo, nikafunga chandarua, nikabadilisha komeo kwa sababu lile la zamani hata mbuzi angelifungua. Kisha nikamtengenezea rafu ya vitabu kwa mbao nilizokuja nazo. Nilizipiga msasa mpaka zikawa laini, maana sitaki mwanangu achomwe na kijiti akitafuta daftari. Editha alikuwa ndani anapanga sahani huku anaimba nyimbo za kwaya. Vijana wa chumba cha jirani walipita wakanicheka, eti mzee unajenga hoteli. Nikawaambia nyie subirini mzae.

Nilikuwa nimeshika nyundo, namalizia komeo, nikasikia vidole vikilizwa nyuma yangu. Ta! Ta!

"Mwananchi! Hebu njoo hapa."

Nilijikuta siwezi kugeuka. Ile sauti. Ule mlio wa vidole. Nilipogeuka nikautazama mkono wake wa kulia, na kidole gumba kilikuwa nusu, kimekatwa na msumeno. Kofia ya kufuma na kitambi vilikuwa vimenificha mtu. Aliyesimama mbele yangu hakuwa Baba Jesca. Alikuwa Nathan, Nathan wa mkaa.

Sasa niseme ile sababu.

Kijiji chetu kiko pembeni ya msitu wa Mgori. Baba yangu, Mzee Paschal, alikuwa na mizinga mle msituni kuliko mtu yeyote, mingine ameirithi kwa babu. Nathan alikuja na malori na watu wake wa kuchoma mkaa. Mwaka mmoja, kiangazi, tanuri lake la mkaa lilipasuka moto ukaingia msituni. Sisi warina asali tuliuona unakotoka. Mizinga yote iliungua, ya baba na ya wenzake, nyuki wakaungulia ndani. Harufu ya asali inayoungua na nyuki wake, usiombe kuisikia. Watu walipokusanyika mbele ya mashine ya kukamua alizeti kutafuta nani kawasha moto, Nathan akasimama akaliza vidole. Akamwelekeza baba kile kidole nusu. "Mwananchi huyu ndiye. Alikuwa anarina kwa mwenge." Hakumwita mzee. Hakumwamkia, na baba alikuwa amemzidi kwa miaka mingi. Alimwita mwananchi, akawaambia mgambo wamfunge kamba. Wakamfunga mikono kwa nyuma, sweta lake limepanda hadi kifuani, tumbo liko wazi, wakamtembeza mbele ya wakwe zake na watoto wa shule. Mimi nilikuwa kijana, wajomba walinikalia juu ili nisiende kuua mtu.

Walimwachia baadaye, hapakuwa na ushahidi wowote. Nathan akawa ameshapakia mkaa wake ameondoka. Baba hakukanyaga tena msituni. Alikaa mlangoni anaangalia mikono yake, na mvua zilizofuata hazikumkuta. Kwa hiyo mkaa kwangu hauingii.

Na mtu huyu nimempa kuku! Nimemwamkia shikamoo, mwanangu kampigia goti! Jamani, shikamoo ikishatoka mdomoni hairudi. Nilitamani niingize mkono kooni mwake niitoe.

Nyundo ilikuwa mkononi. Kichwa chake kilikuwa hapa. Ndani, Editha alikuwa amefika ubeti wa pili.

Nikamsikiliza anavyoimba. Nikijibu kwa nyundo, mimi jela, mtoto barabarani na godoro lake, chuo kimeishia siku ya kwanza. Rafu yenyewe haijawekwa hata kitabu. Nikaishusha nyundo.

"Naam, mzee," nikasema.

"Naona wewe ni mtu wa kazi. Juu ya sebule yangu panavuja. Panda uniangalizie."

Hakuniuliza kama nimechoka, hakuniuliza hata jina. Nikapanda. Niliingia pale bati lilipokutana na ubao, nikachungulia kwenye dari. Nafasi kubwa, kavu, giza, joto zuri, na mwanya wa kuingilia unaotosha vidole viwili. Mimi nimezaliwa na mizinga. Nilitazama ile dari nikaona mzinga mmoja mkubwa ambao mwenyewe haujui.

Nikashuka nikamwambia, "Mzee, bati limetoboka kwenye msumari. Jumamosi nitarudi na vifaa."

"Usichelewe, mwananchi."

"Sitachelewa."

Jumamosi nilirudi na misumari, na chini ya misumari nilificha kopo la nta. Mrina asali akitaka nyuki wahamie kwenye mzinga mpya, haendi kuwakamata. Anapaka nta ndani, wao wanasikia harufu, wanatuma wapelelezi, wakipapenda wanakuja ukoo mzima. Nta ya kwetu tunaiyeyusha pamoja na mchaichai ambao Magdalena ameupanda kisimani. Nyuki wa Mgori wakiisikia hawalali. Niliziba tundu la mvua vizuri kabisa, maana kazi mbovu siijui, kisha nikapaka nta kwenye mbao, nikapaka na mlangoni pa ule mwanya. Nilipaka huku nikitaja majina ya mizinga ya baba kwa Kinyaturu, mmoja mmoja. Nathan alikuwa chini yangu anakunywa chai. Alinikaribisha? Wapi!

Nilipita kwa Editha nikamwachia mlenda. Alikuwa ameshapanga vitabu kwenye rafu, amevipanga kwa urefu. Akaniuliza mbona nanukia kisima cha nyumbani. Nikamwambia ni jasho.

Mvua za kwanza zikanyesha, miti ikachanua, nyuki wakaanza kugawana makundi. Mimi nikawa nalima huku natazama simu. Magdalena akaniuliza kama nimepata mchepuko. Nikamwambia nimepata nyuki, akadhani natania.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Editha akapiga.

"Baba, nyuki wamevamia kwa Baba Jesca!"

"Wewe! Wamevamia vipi?"

Akanieleza. Nathan alikuwa na kikao cha kamati ya send-off, sherehe ya kumuaga binti yake Jesca anayeolewa. Wanakamati wamekaa kwenye viti vya plastiki sebuleni na barazani, mwenyekiti anasoma ahadi za watu, kundi likaja kama wingu kutoka upande wa ziwani, likashukia pale pale. Mwenyekiti aliruka ukuta na suti. Mama mmoja mnene alijifungia chooni na sufuria la pilau. Nathan mwenyewe alikimbia uwanjani akipunga shati, kitu ambacho hata mtoto wa Mgori anajua hufanyi, wakamfanyia kazi yao. Uso ukavimba macho yakazibika.

Nilikaa chini kwenye matuta nikacheka. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia mpaka Magdalena akatoka ndani na mwiko kuangalia nani kafa. Nikamwambia, hajafa mtu, leo wameanza kumlilia baba.

Fuata nyuki ule asali, wanasema. Nathan alifuatwa na nyuki akala miiba.

Nyuki wakahamia darini. Fundi mmoja wa mjini aliitwa na dawa ya kupuliza, alishuka na ngazi ikamwangukia. Sebule ikafungwa. Nathan na mkewe wakawa wanaingilia mlango wa jikoni, wanatembea mle ndani kwa kunyata kama wezi kwenye nyumba yao. Nilikuwa nataka taarifa kila siku. Editha alinipa, ila niliona sauti yake inazidi kupungua.

Kisha akapiga akasema, "Baba, njoo. Baba Jesca anataka umtolee nyuki. Nimemwambia wewe ni mrina asali. Njoo na moshi wako." Akaongeza, "Na mimi nataka kukuona."

Nilikwenda na bomba la moshi la kutulizia nyuki, ndoo na nguo zangu za kurinia. Editha alinipokea mlangoni kwake, akanivuta ndani, akafunga komeo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, vidole vinene, peni ameifunga kwa kitambaa kwenye vidole ili aweze kuandika.

"Umefanya nini?"

"Siku ile nilikuwa sebuleni kwao, Baba. Mama Jesca aliniomba nigawe soda. Kulikuwa na mtoto mdogo wa mgeni, nikamfunika na kanga yangu nikamtoa nje polepole kama ulivyonifundisha. Mkono ukabaki nje ya kanga."

Niliweka ndoo chini.

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unacheka, Baba. Kila nikipiga unacheka." Alikaa kitandani. "Halafu juzi Baba Jesca aliniomba nikatazame wanapoingilia. Nikapanda. Nikanusa mbao. Baba, ile nta ni ya kwetu. Mchaichai wa Mama."

Ndilo kosa langu hilo. Ningenunua nta ya sokoni, hakuna ambaye angejua. Lakini mrina asali atapakaje nta ya mtu mwingine? Mikono yangu haikuwaza hata kidogo. Nilichukua nta iliyoyeyushwa na Editha mwenyewe, kwenye sufuria yake, na nikampelekea hadi alipo.

"Kwa nini?" akauliza. "Ametukosea nini? Mimi nalala hapa!"

Hadithi ya babu yake aliijua. Hajawahi kuona mkaa nyumbani, ameuliza tangu mdogo, tukamwambia. Jambo ambalo hakulijua ni sura.

"Tazama kidole gumba chake," nikasema. "Huyu ndiye mwenye mkaa."

Aliinua macho. Akatazama mlango, kule alikokuwa Nathan, akatazama ule mkono wake uliovimba, akanitazama mimi. Nikamwambia, mwanangu, basi. Yamekwisha. Nilitaka awashwe yeye, nimekuwasha wewe. Nakwenda kuwatoa, ubaki na chumba chako usome. Nilikuwa nasema kweli. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini kovu langu sikutaka nilihamishie kwenye mkono wa mtoto.

Nikatoka, nikawasha bomba la moshi, nikaegesha ngazi. Nathan alikuwa uani, jicho moja bado dogo. Wapangaji na majirani walikuja kutazama, wamesimama mbali kidogo. Sikumwamkia. Watu walisikia kwamba sikumwamkia, mama mmoja akaguna.

"Mwananchi, fanya haraka," Nathan akasema, akaliza vidole. "Wiki hii wakwe zangu wanakuja."

Nikapanda. Nilifika juu, nikapuliza moshi wa kwanza mlangoni pao, wakaanza kutulia. Walikuwa wameshajenga masega marefu, meupe, mazuri. Nikajiinua kidogo ili nipate nafasi ya kuingiza mkono, na kutoka kule juu nikauona mlango wa Editha uko wazi.

Alikuwa anafunga godoro.

Alikuwa ameshateremsha chandarua amekikunja. Ndoo ziko nje. Vitabu vyote ameviondoa kwenye rafu amevifunga na kanga. Alikuwa amepiga magoti juu ya godoro, anaikaza kamba kwa mkono wa kushoto na meno, kwa sababu wa kulia haukazi. Akaona namtazama. Akasimama katikati ya uani, mbele ya watu wote, akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Baba! Mimi nimeshafunga. Usinifikirie mimi."

Ah! Mimi ndiye baba, lakini pale nilikuwa mtoto. Nilitazama lile godoro, nikatazama kile chumba alichokigusa kuta kwa mikono miwili. Nikaweka kizibo kwenye bomba la moshi, nikashuka.

"Mbona unashuka?" Nathan akauliza.

"Nyuki hawa sina ruhusa ya kuwatoa. Wana mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mzee Paschal."

Akakunja uso. Nilimwangalia kwa makini, namsubiri ashtuke, namsubiri hata apepese jicho lake moja. Miaka yote ile nililala na jina la huyu mtu, nikaamka nalo, nikafikiri na yeye huko aliko anaamka na la baba.

"Paschal yupi?" akasema.

Alikuwa anauliza kweli. Hakuwa anajifanya. Amemtia baba yangu kamba, amemtia kaburini, akaenda zake kujenga nyumba ya bati la bluu, na jina lenyewe hakuwahi kulihitaji. Hapo ndipo nilipojua kuwa chuki yangu ya mwanzo ilikuwa mchezo wa watoto.

"Kaa nao mpaka umkumbuke," nikamwambia.

Nikajitwisha godoro. Editha akabeba vitabu. Kitanda vijana wa chumba cha jirani walitusaidia, wale wale walionicheka, wala hawakuuliza kitu. Rafu niliiacha ukutani kwa sababu nilikuwa nimeipigilia vizuri mno.

Siku hiyo hiyo Eliza, anayesoma darasa moja na Editha, alimpokea kwenye kachumba kake kule nyuma ya soko. Wakalala wawili kitanda kimoja. Mwanangu karudi kulekule kwa kubanana, na mimi ndiye niliyemrudisha. Nilimwambia nisamehe. Akanijibu, "Babu alilala wapi siku ile waliyomfunga?" Alilala chini.

Nathan akatafuta warina asali wengine. Alitafuta sana. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi sikuwa kidole kimoja: kila mrina wa upande wetu alikuwa na baba au mjomba aliyeunguliwa na mizinga mwaka ule. Nilipita kwao nikawaambia tu jina la mwenye nyumba. Wengine hata hawakungoja nimalize. Wa mjini nao wamefundishwa na wa kwetu, habari zikawafikia. Akipiga simu, wanamwuliza: umemkumbuka Mzee Paschal? Anakata.

Nyuki wakaongezeka. Asali ikaanza kudondoka sebuleni kupitia kwenye dari, siafu wakaifuata asali. Send-off ya Jesca ikahamishiwa kwa shangazi yake. Mke wa Nathan naye akahamia huko huko, akasema atarudi nyuki wakiondoka. Na Nathan? Vyumba vya uani vilikuwa vimejaa wapangaji isipokuwa kimoja. Akahamia kwenye kile cha mwisho chenye dirisha la bombani. Editha, akipita barabarani, alimwona, mlango uko wazi, mzee amekaa kitandani chini ya rafu niliyoipiga msasa, ameweka juu yake kofia na dawa za presha. Nilipoambiwa hivyo sikucheka safari hii. Nilikula ugali vizuri, nikaongeza.

Sijui alikaa mle akitazama nini. Labda komeo, labda misumari yangu. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho simu yangu ilipoita, na sauti ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka.

"Antipasi." Jina langu! Kumbe alilijua, au alilitafuta. "Nimemkumbuka."

"Umekumbuka nini?"

"Alikuwa amevaa sweta la kijani. Lilikuwa limetoboka kwenye kiwiko. Walipokuwa wanamfunga aliniambia, mwanangu, tanuri lako ndilo lililopasuka, nililiona, lakini hata mimi ningeogopa kukiri. Aliniita mwanangu."

Lile sweta lilikuwa moja tu, Magdalena ndiye aliyelishona kiraka baadaye. Maneno yale sikuwahi kuyasikia, maana wajomba walikuwa wamenikalia juu, na baba hakuyasema nyumbani. Alijua kila kitu, akamwita mwanangu, na bado huyu akaliza vidole.

"Hayo usiniambie mimi," nikasema. "Njoo uyaseme pale ulipomfungia."

Alikuja siku ya kukamua alizeti, na mimi ndiye niliyeichagua siku hiyo. Mbele ya mashine palikuwa na magunia, mikokoteni, kina mama na madumu yao, wazee waliokuwepo siku ile na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Mwenye mashine akazima injini. Nathan akasimama pale pale, kofia mkononi. Magdalena alikuwa upande wangu huu na Editha upande huu, mkono umeshapona. Akasema yote. Tanuri lilikuwa lake. Moto ulikuwa wake. Mzee Paschal hakuwasha hata kiberiti, na yeye Nathan alijua wakati anamwelekeza kidole. Aliposema "nilijua," bibi mmoja aliyewahi kukataa kuuza maziwa kwa mama yangu kwa ajili ya ule moto alijifunika uso na kitenge.

Wengine walitaka kumpiga. Niliwazuia. Nilikuwa bado sijamaliza naye.

"Twende," nikamwambia.

Kaburi la baba liko nyuma ya nyumba, tumelisakafia kwa saruji. Nikamsimamisha mbele yake.

"Siku ya kwanza mimi nilikupa shikamoo, na mwanangu akakupigia goti. Wewe baba yangu hukumpa, na alikuwa mkubwa kwako. Mpe."

Nathan alitazama saruji muda mrefu. Magoti yake ni mabovu, aliposhuka alishikilia ukingo wa kaburi.

"Shikamoo, Mzee Paschal," akasema.

Tukasubiri. Ilisikika mashine tu, imewashwa tena kule chini. Ninyi mnajua ilivyo: mtu akitoa shikamoo hawezi kuinuka kabla ya kuitikiwa, anabaki amening'inia. Akageuza shingo akanitazama. Mimi ndiye mwana, ningeweza kumwitikia kwa niaba ya baba, neno moja tu, akainuka. Akamtazama Magdalena. Akamtazama Editha, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuona mtu mzima akiachwa bila kuitikiwa. Editha aliutazama mkono wake, kisha akauingiza kwenye mkono wangu.

Hatukumwitikia.

Watu husema kisasi hakishibishi. Wanaosema hivyo hawajawahi kukila. Mimi nilishiba, nawaambia ukweli wa Mungu, nilishiba mpaka leo sijasikia njaa.

Nyuki niliwatoa kesho yake, maana nilimwambia akae nao mpaka amkumbuke, na ahadi ni ahadi. Wako msituni sasa, kwenye mizinga mipya, pale pale palipoungua. Editha alipata chumba kingine peke yake muhula uliofuata, nimemtengenezea rafu nyingine ndefu kuliko ile. Lakini siku ile ya kaburini tulimwacha Nathan amepiga magoti, tukaingia ndani, na Magdalena akaanza kuinjika maji ya chai ya watu watatu.